Umeitwa kwenye kamati ya kuchambua maombi ya ruzuku za sanaa? Soma hii kwanza

Huku kwetu Nyanda za Juu Kusini kuna watu wengi wanaoiweza kazi hii ila hawajui hata kama ipo, wanadhani kamati za kupitisha hela za sanaa ni za wakubwa wa Dar au watu wenye digrii. Hapana jamani. Asasi inayotoa ruzuku kwa vikundi vya sanaa vya mtaani na vijijini inahitaji watu wa kujitolea wa kusoma maombi, kuyapa alama na kukaa kikao, na mara nyingi inawatafuta kwa shida. Mwalimu wa shule ya msingi, fundi cherehani anayeshona mavazi ya ngoma, mhasibu mstaafu, dada wa saluni anayeimba kwaya, wote hao wanafaa kabisa, na kamati ikiwa na wasanii watupu bila mtu wa hesabu inapata shida, na ikiwa na watu wa hesabu watupu inapata shida kubwa zaidi.

Ukitaka kuingia anza kwa Afisa Utamaduni wa halmashauri yako, iwe Mbeya jiji, Rungwe, Iringa manispaa, Makambako au popote ulipo, huyo ndiye anajua nani anatoa hela za sanaa na nani anatafuta wajumbe. Matangazo yanapita pia redio za mkoani na kwenye magrupu ya wasanii ya WhatsApp. Andika barua ukurasa mmoja, sema unafanya nini, sanaa gani unaijua kwa karibu, na vikundi gani una uhusiano navyo. Hicho cha mwisho kiandike bila kuombwa, kinakuheshimisha.

Kabla hujakubali uliza maswali haya na usione aibu: maombi mangapi nitasoma na kwa muda gani, kamati inaamua au inapendekeza tu alafu bodi ndo inaamua, nauli na vocha zinarudishwa, nitakuwa mjumbe kwa muda gani, kuna fomu ya kutangaza maslahi. Kujitolea maana yake hulipwi posho ya kazi, sawa, ila kutoka Tukuyu mpaka Mbeya mjini kwa nauli yako kila kikao si haki, na kamati isiyorudisha nauli mwishoni inabaki na watu wa mjini wenye uwezo tu, mama wa kijijini anaacha kuja kimyakimya.

Alafu elewa unachambua hela ya aina gani. Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri (4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu) ni mkopo, inarudishwa, na Mfuko wa Utamaduni na Sanaa Tanzania nao wasanii wanaujua zaidi kwa mikopo. Ruzuku hairudishwi. Kwenye mkopo unauliza huyu atarejesha vipi, kwenye ruzuku unauliza watu watabaki na nini hela ikiisha. Nasema hivi kwasababu wajumbe wengi wanaingia na kichwa cha mkopo, wanaanza kuuliza kikundi cha ngoma za Wasafwa kitaingiza faida shilingi ngapi kwa mwezi, na kikundi kinachotaka kurekodi nyimbo za wazee kabla hawajafa kinapata alama ndogo eti hakina mpango wa biashara.

Sasa kazi yenyewe.

Soma mwongozo wa ruzuku kabla ya maombi. Wote, mpaka ule ukurasa wa mwisho wenye maandishi madogo. Mwongozo ukisema hela ni kwa vikundi vilivyosajiliwa basi angalia usajili, wa BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa) au wa halmashauri kama kikundi cha kijamii, na ukisema mtu mmoja mmoja anaruhusiwa basi usimkatae mtu kwasababu hana katiba ya kikundi. Inaonekana kitu kidogo ila nusu ya ugomvi wa kwenye vikao unatokana na mjumbe mmoja kutumia mwongozo wa kichwani mwake.

Maombi usiyasome usiku mmoja. Dakika 30 mpaka 40 kwa kila moja ni muda wa haki, sasa ukiwa na maombi 25 piga hesabu mwenyewe, gawa kwa siku kadhaa, matano au sita kwa siku basi. Jicho lililochoka linakuwa kali. Maombi ya mwisho yanaonewa, na ya kwanza nayo yanaonewa kwasababu bado hujajua kiwango cha wenzao kikoje, kwahiyo ukimaliza yote rudi usome upya matatu ya mwanzo uone kama alama zako bado zinasimama. Kama mko watano kubalianeni kila mtu aanzie sehemu tofauti, mmoja juu mmoja chini mmoja katikati.

Mara ya kwanza soma bila kalamu. Soma tu uelewe hawa watu wanataka kufanya nini. Mara ya pili ndo shika vigezo. Vigezo vinatofautiana ila mara nyingi vinafanana na hivi: ubora wa kazi ya sanaa 30, faida kwa jamii 25, uwezo wa kutekeleza 20, bajeti 15, nani ameshirikishwa 10. Toa alama kila kigezo peke yake na mbele ya kila alama andika sentensi moja ya sababu, hata fupi. Kipimo changu ni hiki na nakisisitiza kuliko vyote kwenye andiko hili: sababu uliyoandika uweze kuisoma kwa sauti mbele ya mwombaji mwenyewe amekaa hapo anakuangalia. Ukiona huwezi, ama alama sio sahihi ama sababu yako ni nyingine ambayo hujaiandika.

Kingine kikubwa, tenganisha kazi na uandishi. Kuna andiko linakuja limechapwa vizuri, lina majedwali, lina maneno kama uwezeshaji na uendelevu kila mstari, ukimaliza kulisoma hujui hata hao watu wanacheza ngoma gani. Na kuna andiko linakuja kwa mkono kwenye karatasi za daftari, kiswahili kimechanganyika na Kikinga, ila ukisoma unaona kabisa mzee fulani atafundisha vijana 10 kutengeneza na kupiga ligombo, ala ya asili ya nyuzi, kila Jumamosi, chini ya mti wa shule, vifaa vinatoka wapi vimetajwa, gharama ya kila kitu imetajwa. La pili ndo andiko bora. Alama za uandishi hazipo kwenye vigezo, usizitoe kwa mlango wa nyuma.

Kama asasi inaruhusu mtu kutuma maombi kwa sauti ya WhatsApp, ambayo kwa maoni yangu ingekuwa ruhusa kila mahali, mwombe katibu ayaandike yale yaliyosemwa kila mjumbe apate kusoma kitu kilekile. Mjumbe mmoja akisikia sauti na mwingine akisoma ufupisho mnakuwa mmechambua maombi mawili tofauti.

Utakutana pia na maombi matatu yenye sentensi zilezile. Usikimbilie kusema matapeli. Huku kuna watu wanaolipwa kuandikia vikundi maandiko, anakopi na kupesti, anabadilisha jina la kijiji, wenyewe kikundi hawajui. Mwambie katibu awapigie simu wote watatu, maswali yaleyale, kwa muda uleule: mtafanya nini wiki ya kwanza, nani anafundisha, mtafanyia wapi. Kikundi cha kweli kinaeleza mpaka unaona picha, na cha kubuni kinarudia maneno ya kwenye karatasi.

Bajeti. Hapa wengi wanaogopa ila ni hesabu ya darasa la nne. Watu 12, siku 3, chakula 10,000 kwa siku, ni 360,000. Ukikuta imeandikwa 630,000 andika swali, usiandike wizi, namba zinageuka hata kwa mhasibu. Angalia kama vitu vya lazima vimesahaulika, mfano kikundi kimeomba spika na maiki ila umeme kijijini haupo na jenereta halijatajwa, au maigizo yatazunguka kata sita na mafuta ya gari hamna. Bajeti ndogo kupita kiasi ni ya kuitilia shaka kuliko kubwa kidogo, kwasababu kikundi kilichojipunja kinakwama katikati na hela yote inakuwa imepotea.

Na tafadhali angalia malipo ya wasanii wenyewe. Vikundi vya akina mama hasa, wafumaji wa vikapu vya Iringa kwa mfano, wanaandika gharama ya kukusanya na kukausha milulu (majani ya kufumia), rangi, usafiri, alafu muda wao wa kufuma wanaandika sifuri, na kuna wajumbe wanaona hiyo ni sifa, eti wanajitolea. Mimi naona ni kasoro ya kurekebisha kwa kuwaambia waongeze. Mtu akiandika malipo yake ya haki usimkate alama. Fundi spika analipwa bila mjadala, kwanini mfumaji asilipwe?

Tukiwa hapohapo, ufumaji na ufinyanzi ni sanaa. Utasikia mtu kikaoni anasema hawa waende kwenye mikopo ya wajasiriamali. Akina mama wa Kikisi pale Ikombe, kando ya Ziwa Nyasa, wanafinyanga vyungu ambavyo watu wanavifuata mpaka mnada wa Lyulilo karibu na Matema kila Jumamosi, ujuzi huo mama anamfundisha binti, na ukisoma maombi ya watu kama hao ukakuta mstari wa vyungu vitakavyovunjika njiani, usicheke na usikate. Chungu kinasafiri kwa mtumbwi alafu kwa gari, kuvunjika ni gharama halisi na aliyeiandika anaijua kazi yake vizuri kabisa.

Angalia na tarehe. Mvua huku kwetu inaanza Novemba mpaka Aprili hivi, na sio mvua ya kupita. Tamasha la uwanjani Machi, mazoezi ya kijiji kizima Desemba na Januari watu wako shambani, ziara ya vijijini Makete au Ludewa wakati barabara ni tope, hizo ni sababu za kuuliza. Mara nyingi tarehe inakuwa ya mfadhili sio ya kikundi, waliambiwa hela itumike kabla ya mwezi fulani wakajaza tu. Andika pendekezo lisogezwe Juni au Julai baada ya mavuno, alafu endelea kutoa alama kwa kazi yenyewe.

Kuhusu kazi za kurekodi, kama kikundi kitatumia wimbo wa mtu mwingine angalia wametaja ruhusa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ipo tangu 1999 na COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ipo. Nyimbo za asili za jamii ni jambo jingine ila hapo nako uliza kama wazee wanaoziimba wanajua zitawekwa YouTube.

Kuhusu mgongano wa maslahi

Hili ndo eneo litakalokupima. Iringa, Mbeya, Njombe, kote ni miji ambayo kila mtu anamjua mwenzake, shemeji yako yuko kwenye kikundi, mlezi wa kwaya ni jirani, mwalimu wa ngoma alisoma na kaka yako. Hautakuwa mjumbe asiyemjua mtu, hayupo mjumbe wa hivyo. Cha kufanya ni kutangaza mapema na kwa maandishi, kabla ya kutoa alama, alafu kujitoa kwa maombi hayo. Kujitoa maana yake unatoka chumbani kabisa, unaenda nje kunywa chai mpaka uitwe. Kukaa kimya kwenye kiti chako haitoshi, wenzako wanaona uso wako na wanajizuia kusema.

Nini utangaze? Ndugu wa damu na wa ndoa, unayemdai au anayekudai, kikundi ulichowahi kuwa mwanachama, kanisa au msikiti wako kama kwaya au kaswida yake imeomba, na mtu mliyegombana naye pia, hilo watu wanasahau. Chuki inapotosha alama sawa na undugu. Kufahamiana kwa kusalimiana tu Mwanjelwa sokoni hakuhitaji kutoka nje, kuseme tu kuandikwe, wenzako waamue.

Kwaya zinastahili neno lake. Walutheri, Wamoravian na Wakatoliki wamejenga waimbaji wa ukanda huu kwa zaidi ya miaka 100, na maombi ya kwaya yatakuwa mengi. Tumia mwongozo. Kama unakataza shughuli za ibada, basi kwaya inayoomba hela ya kurekodi albamu ya injili inatoka, ila kwaya ileile ikiomba kufundisha vijana wa mtaa mzima kusoma noti bila kujali dini inaweza kubaki. Amueni hilo mara moja mwanzoni mwa kikao, liandikwe, litumike kwa wote. Mkianza kuliamua kwaya moja moja mtajikuta mmependelea dhehebu lenye wajumbe wengi mezani.

Alafu zawadi. Ukienda kutembelea kikundi kijijini utapikiwa. Kukataa ugali uliopikwa kwa ajili ya mgeni ni kumdharau mama wa watu, mimi nasema kula, kaa na watu wote, na kwenye ripoti andika kwamba mlipewa chakula. Ila ndoo ya parachichi ikishaanza kupakiwa kwenye gari, au kilo 20 za mchele wa Kyela, hapo sema asante sana mama, kanuni za kazi haziniruhusu, hela ya kikundi chenu ingeingia mashaka kwasababu yangu. Sema kwa upole na usimame hapohapo. Ni vizuri zaidi asasi iwaandikie vikundi mapema kwamba wajumbe hawapokei kitu, inawaondolea hata wao mzigo, maana kuna vikundi vinachangishana vikiamini bila zawadi hakuna ruzuku. Na ziara ifanyike kwa wawili, mwanaume na mwanamke ikiwezekana, kwa muda na maswali sawa kwa kila kikundi. Ukifika salimia kwa lugha ya pale kama unaijua, kamwene ya Iringa na Njombe inafungua mazungumzo haraka, na usiombe wakuchezee ngoma nzima kama hawajajiandaa, uliza kuona mazoezi yao ya kawaida.

Simu nazo zitapigwa. Kiongozi fulani atakuambia hawa vijana wangu waangalie. Jibu moja linatosha kwa wote, wakubwa na wadogo: shikamoo mheshimiwa, maombi yote yako kwa katibu, mimi siruhusiwi kuyazungumzia nje ya kikao. Alafu mwambie mwenyekiti kwamba simu ilipigwa, siku hiyohiyo.

Siku ya kikao

Njoo na alama zako zimeshaandikwa na zimeshatumwa kwa katibu, usije kujaza ukisikiliza wenzako. Anzeni kwa kujadili maombi ya kikundi kimoja pamoja, kila mtu aseme alitoa ngapi na kwanini, hapo mtagundua kuna mjumbe ambaye 20 kati ya 30 kwake ni nzuri sana na mwingine 20 kwake ni mbovu. Mkishaelewana ndo endeleeni.

Wastani usiwadanganye. Maombi yaliyopata 60 kwa wote na maombi yaliyopata 90 kwa wawili na 30 kwa wawili yote yana wastani wa 60, ila ya pili yana mazungumzo ndani yake. Msikilizeni aliyetoa 90 na aliyetoa 30. Mara nyingi mmoja anajua kitu ambacho wengine hawajui, labda anaijua hiyo ngoma, labda anajua kikundi kilivunjika mwaka jana. Ila alichojua pembeni kiwe kitu cha kuthibitishwa, maneno ya mtaani hayaingii kwenye alama mpaka katibu awaulize wahusika.

Kwenye vikao vyetu wazee wanaongea kwanza na vijana wanakubali. Heshima ni nzuri, ila kwa kazi hii mwombe mwenyekiti aanze na mdogo kuliko wote. Kijana ndo anaelewa kwanini studio ya bongo fleva pale Ilomba au kundi la vichekesho la Kihesa ni sanaa ya jamii sawa na ngoma, na akishatanguliwa na mzee aliyesema huo ni uhuni hatafungua mdomo.

Hela haitatosha, haijawahi kutosha popote. Kishawishi kikubwa ni kukata kila mmoja asilimia 40 ili wote wapate. Mimi napinga. Mchoro wa ukutani uliokatwa nusu ya hela hauwi nusu mchoro, unakuwa ukuta wenye rangi ya msingi. Bora wachache wapate kamili, na kwa wale wa mpakani muwapigie muulize wenyewe nini kinaweza kupungua bila kazi kuharibika. Mkimaliza kupanga, angalieni orodha yote kwa pamoja kabla hamjasaini: je vyote vinatoka mjini? Songwe imekuwa mkoa wake tangu 2016 na Njombe tangu 2012, ila ukiangalia orodha nyingi bado kila kitu kinaishia Mbeya mjini na Iringa mjini. Kama vijijini hawapo, kosa linaweza kuwa la tangazo halikuwafikia, na hilo liandikwe kwenye muhtasari kama pendekezo kwa asasi, msilitibu kwa kubadilisha alama.

Waliokosa waandikiwe. Sentensi tatu zinatosha: kipi kilikuwa kizuri, kipi kiliwaangusha, waongeze nini wakiomba tena. Ile barua ya "maombi yalikuwa mengi tunawatakia kila la heri" haimsaidii mtu aliyetembea kutoka kijijini kwenda steshenari kuchapa andiko. Zile sababu ulizoandika mbele ya kila alama ndo zinakuwa barua, kwahiyo kama ulifanya kazi yako vizuri katibu anaimaliza kwa siku moja.

Na ukikutana na aliyekosa kwenye Costa ya kwenda Kyela akakuuliza, usitaje nani alisema nini. Mwelekeze aombe mrejesho kwa maandishi, ni haki yake, na mwambie tarehe ya awamu ijayo kama imeshatangazwa.

Mwisho ni makaratasi. Maombi yana namba za simu, namba za NIDA, akaunti za benki, wakati mwingine picha za watoto wa kikundi, na sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya 2022 ilishaanza kutumika. Usiyaache kwenye kochi sebuleni, usiyafowadi kwenye grupu la familia hata kama kuna picha nzuri ya ngoma. Kikao kikiisha rudisha kopi zote kwa katibu akusainie, futa mafaili kwenye simu pamoja na yale yaliyojihifadhi kwenye WhatsApp, na ubaki na kitu kimoja tu, fomu yako ya alama, mpaka muda wa rufaa upite.